UZI: Nyumba ya mapande ya nyasi ya familia ya McCully, Oklahoma (1894): ilivyojengwa na kwa nini bado imesimama

#1 Mtunzakale

Wakuu, kwenye ule uzi wa nyumba za udongo swali la nyumba za walowezi wa Marekani, zilijengwaje kwa udongo na kwa nini moja bado imesimama, liliulizwa likapotea katikati ya mabishano ya saruji. Nalifungulia uzi wake.

Nyumba yenyewe ni ya Marshal McCully, iko karibu na Aline, kaskazini-magharibi mwa Oklahoma. Inatambuliwa kuwa nyumba pekee ya mapande ya nyasi (vipande vya udongo vilivyokatwa pamoja na nyasi na mizizi yake) iliyojengwa na mlowezi na ikabaki imesimama katika jimbo lile. Kuta zake zina unene wa karibu sentimita 90. Ina vyumba viwili.

Kwanza ardhi ilipatikanaje, maana bila hilo nyumba haieleweki. Eneo lile, Ukanda wa Cherokee, lilikuwa la taifa la Cherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, kipande kirefu walichobakishiwa baada ya kuhamishwa kwa nguvu kutoka mashariki. Serikali ikawabana hadi wakaliuza kwa dola milioni 8 na kitu. Tarehe 16 Septemba 1893, saa sita mchana, bunduki zikalia mpakani, na watu zaidi ya 100,000 wakaingia mbio kwa farasi, mikokoteni, treni na miguu kuwahi viwanja. Kiwanja kimoja kilikuwa ekari 160. McCully alikuwa mmoja wa waliowahi. Alianza kwa kukaa kwenye nyumba ya kuchimbwa ardhini, na Agosti 1894 akajenga hii.

Kwa nini udongo? Kwa sababu miti hakuna. Nyika ile ni nyasi tupu, miti michache iko kwenye makorongo na kando ya mito. Mbao zililetwa kwa treni na kumaliziwa safari kwa mkokoteni, na mlowezi mpya pesa zote alizokuwa nazo zilikuwa zimeishia kwenye mbegu, plau na wanyama wa kukokota.

Hatua za ujenzi:

Unatafuta sehemu yenye nyasi fupi za nyika zenye mizizi iliyosukana, zile wanazoziita nyasi za nyati. Mizizi ndiyo saruji ya nyumba hii. Udongo wenye mchanga mwingi au nyasi za mafungu haufai, pande linakatika mkononi. Ardhi iwe na unyevu wa kadiri. Ikiwa kavu plau inavunja vipande. Ikiwa tope, pande linajikunja na halibebeki.

Plau ya kawaida inageuza udongo na kuuvuruga, kwa hiyo walitumia plau maalumu iliyoitwa plau ya panzi. Inakata utepe wa upana wa sentimita 30 hadi 45, unene wa 10, na kuulaza ubavuni ukiwa mzima. Kisha kwa sepeto utepe unakatwa vipande vya sentimita 60 au 90. Unakata yale tu utakayoyapanga siku hiyo hiyo. Pande lililolala juani usiku na mchana linakauka kingo, na kingo zikikauka halishikani na mwenzake.

Mapande yanalazwa kifudifudi, nyasi chini mizizi juu, ili mizizi ya pande la chini ikutane na nyasi za pande la juu. Ukuta unakwenda na mistari miwili au mitatu ya mapande sambamba, viungo vikipishana kama tofali. Kila kozi (tabaka moja la mapande) ya tatu au ya nne mapande yanakatishwa kuvuka unene wote wa ukuta ili kuzifunga zile safu pamoja. Nyufa zinajazwa udongo uliolegea. Ukimaliza, unachukua sepeto kali na kuchonga ukuta uso kwa uso hadi unyooke.

Paa, fremu na ukarabati tutafika. Maswali yakaribishwe.

#2 Njoro_Juu

Mkuu Mtunzakale, shukrani. Ila vitabu vya shule vinasema walowezi walipewa ardhi bure kwa sheria ya 1862. Hawa walilipa?

#3 Mtunzakale

Njoro, ni mambo mawili yanayochanganywa. Sheria ya Makazi ya 20 Mei 1862, iliyoanza kutumika 1 Januari 1863, ilitoa ekari 160 kwa aliyetimiza miaka 21 au aliye mkuu wa kaya. Masharti: ukae miaka 5, ujenge, ulime. Ada zote kwa jumla zilikuwa dola 18. Hata hivyo, "bure" hiyo ilikuwa na mlango wa pembeni: baada ya miezi 6 uliweza kununua moja kwa moja kwa dola 1.25 kwa ekari, na walanguzi walipitia hapo.

Ukanda wa Cherokee ulikuwa tofauti. Kwa kuwa serikali ilikuwa imelipa, iliwadai walowezi dola 1 hadi 2.50 kwa ekari kulingana na sehemu, mashariki ghali zaidi. Kwa ekari 160 hiyo ni dola 160 hadi 400. Deni lile lilifutwa na Bunge mwaka 1900. Kwa hiyo mtu aliyejenga 1894 alikuwa anajenga akiwa na deni la ardhi shingoni, na hilo linaeleza kwa nini nyumba ilijengwa kwa kitu kilichokuwa chini ya miguu yake.

#4 FundiTimazi

Naomba nisaidie kwenye hesabu ya vifaa maana naona kila mahali wanaandika "nusu ekari" au "ekari nzima" ya nyasi kwa nyumba moja, na ukipiga hesabu haikai.

Chukua nyumba ya kawaida ya walowezi, futi 16 kwa 20, yaani mita 4.9 kwa 6.1 nje. Ukuta unene wa 0.75, kimo 2.4. Mzunguko katikati ya ukuta ni mita 19. Mara 2.4 mara 0.75 unapata mita za ujazo 34. Toa mlango na madirisha mawili, baki 32. Pande la 90 × 30 × 10 ni 0.027. Kwa hiyo mapande kama 1,180, na eneo la kukata ni mita za mraba 320. Ekari ni mita za mraba 4,047. Hapo hujafika hata sehemu ya kumi ya ekari.

Sasa hiyo nusu ekari inatoka wapi? Naona ni haya. Mapande yanagandamizana, kozi ya chini inayobeba mita mbili za ukuta haibaki na sentimita 10. Nyumba yenye ukuta wa 90 na vyumba viwili kama hii ya McCully inakula zaidi. Paa nalo linakula. Na kubwa kuliko yote ni uchafu wa kazi: utepe unakatika, sehemu ina shimo la mnyama, kona plau haifiki. Ukikata utepe mrefu ukapata theluthi inayofaa kwa ukuta, umefanya vizuri.

Uzito: udongo wenye unyevu chukua tani 1.5 kwa mita ya ujazo, ukuta peke yake ni karibu tani 48. Pande moja la 90 linakaribia kilo 40, ndiyo maana wengi walikata la 60, kilo 25 hivi, mtu mmoja analinyanyua.

#5 Mtunzakale

Fundi, hapo umenyoosha. Naongezea kwamba eneo lililochunwa halikupotea: pale palipotolewa mapande ndipo palipolimwa kwanza, kwa kuwa kazi ngumu ya kuvunja mizizi ilikuwa tayari imefanyika.

#6 Binti Mvumi

Habari zenu kaka zangu. Mimi natoka kwenye tembe, naomba kulinganisha. Tembe la Kigogo linabebwa na nguzo zenye panda. Ukuta wa fito na udongo ni wa kuziba tu, paa la udongo limekaa juu ya boriti na nguzo. Hawa wa Marekani paa lilikaa juu ya nini? Na walipataje paa la udongo kwenye nchi ya mvua za mawe na theluji?

#7 FundiTimazi

Dada, umegusa penye ugonjwa wa nyumba hizi. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, boriti ya mgongo wa paa inalala juu ya kuta mbili za mwisho zilizoinuliwa kwa pembe. Ya pili, boriti hiyo inabebwa na nguzo zenye panda zilizochimbiwa ndani ya nyumba, kama kwenu. Juu yake yanakuja makombamoyo ya miti, kisha fito na matawi ya mierebi, kisha nyasi kavu, kisha mapande yaliyokatwa membamba kuliko ya ukuta.

Shida ya njia ya pili: nguzo haititii, ukuta unatitia. Ukuta wa mapande unashuka sentimita 15 hadi 20 katika miaka ya mwanzo. Paa likiwa limeegemea nguzo katikati na ukuta pembeni, pembeni panashuka, katikati panabaki. Paa linapinda mgongo, mapande yanaachana hapo juu, na maji yanaingia penye boriti kuu, sehemu mbaya kuliko zote. Tembe halina ugonjwa huo kwa sababu nguzo zinabeba kila kitu na ukuta unashuka wenyewe bila kulivuta paa.

Uzito wa paa: mita za mraba 36 ukihesabu mwinamo na ukingo, mara sentimita 10, ni mita za ujazo 3.6. Kavu ni tani 5 hivi. Likilowa linavuka tani 6. Ukiweka tabaka mbili, zidisha. Boriti ilikuwa mwerezi kwa aliyeweza kuufuata makorongoni. Aliyetumia mti laini wa kando ya mto aliona boriti inapinda mwaka wa pili, na kuoza kukifuata pale inapoingia ukutani.

Mwinamo nao ni mtego. Ukifanya paa lisimame kumwaga maji haraka, mapande yanateleza. Ukifanya lilale, maji yanakaa. Wengi walichagua kulala. Matokeo yake, mvua ikinyesha siku moja paa linavuja siku mbili tatu baada ya mvua kukata, kwa sababu udongo umeshiba na unaendelea kutoa. Na yanayodondoka siyo maji, ni tope.

#8 Njoro_Juu

Sasa mtu anapikaje humo?

#9 Mtunzakale

Chini ya kitambaa. Dari lao lilikuwa amerikani au magunia ya unga yaliyofumuliwa na kushonwa pamoja, yakatandazwa chini ya makombamoyo na kugongelewa. Kazi yake kudaka udongo, majani, panya, na mara nyingine nyoka aliyejipenyeza kwenye fito. Kitambaa kinashushwa, kinakung'utwa, kinafuliwa, kinarudishwa.

Kwa McCully ukuta wa ndani ulipigwa lipu ya udongo mweupe wa magadi uliochimbwa hapo hapo chini ya udongo wa juu. Lipu ile ilifanya kazi tatu: kufunga vumbi, kuziba njia za wadudu na panya, na kuongeza mwanga. Ukuta wa sentimita 90 unageuza dirisha kuwa handaki. Mafundi wazuri walichonga pembeni mwa dirisha upande wa ndani ili tundu lipanuke kuelekea chumbani. Bila hivyo, dirisha dogo linaangaza kingo zake lenyewe tu.

Sakafu ya kwanza ilikuwa udongo, mbao zikafuata baadaye.

Faida zipo na ni za kweli. Joto la kiangazi kule linapita nyuzi 38 na upepo wa majira ya baridi hauna kizuizi. Ukuta mzito kiasi hiki unachelewesha joto na baridi, na jiko dogo linatosha. Kuni zenyewe zilikuwa mavi makavu ya ng'ombe na magunzi ya mahindi. Moto wa nyika ukipita, nyumba ya mbao inaisha. Hii inaungua ukingo wa paa na mlango.

#10 Kombamoyo

Mimi nataka gharama. Nyumba ya udongo siyo bure, kuna vitu lazima dukani.

#11 Mtunzakale

Ipo orodha moja maarufu, ya Oscar Babcock wa North Loup, Nebraska, mwaka 1872. Ni ya nyumba ya kuchimbwa, siyo ya mapande, lakini vya dukani ni vile vile:

dirisha moja, dola 1.25
mbao futi 18 za mlango, senti 54
komeo na bawaba, bila kufuli, senti 50
bomba la moshi la kupitisha kwenye paa, senti 30
misumari ratili 3, senti 19 na nusu

Jumla dola 2.78 na nusu. Angalieni dirisha: karibu nusu ya gharama yote ni kioo. Ndiyo maana nyumba nyingi zilikuwa na dirisha moja au mawili, na aliyekuwa na manne alikuwa anajigamba.

Kwa upande wa juu kabisa wa ngazi kulikuwa na Isadore Haumont, karibu na Broken Bow, Nebraska, aliyejenga ghorofa ya mapande miaka ya 1880. Ghorofa kweli. Ilisimama hadi 1967 ilipobomolewa. Asiambiwe mtu kwamba nyumba za aina hii zilikuwa vibanda tu.

#12 Binti Mvumi

Na watu weusi je? Picha nyingi zinazosambaa ni za Wazungu watupu.

#13 Mtunzakale

Walikuwepo, na picha zipo. Jerry Shores, aliyezaliwa utumwani, alichukua ardhi katika Kaunti ya Custer, Nebraska, na mwaka 1887 mpiga picha Solomon Butcher akaipiga picha familia yake mbele ya nyumba yao ya mapande. Mwaka uliofuata akampiga picha ndugu wa Jerry, Moses Speese, na watu wake. Majina yao ya ukoo yanatofautiana kwa sababu kila mmoja alibeba jina la aliyekuwa bwana wake. Kansas kuna Nicodemus, mji uliofunguliwa 1877 na watu weusi wengi wao wakitokea Kentucky. Wa kwanza waliishi kwenye mashimo ya kuchimbwa kando ya miinuko.

Kuhusu hizo picha za Butcher, jambo moja kwa wanaozitumia kama ushahidi wa ujenzi: samani, farasi, hata matikiti vimetolewa nje makusudi. Ndani palikuwa giza mno kwa kamera ya sahani za kioo ya wakati ule, na familia ilitaka jamaa wa mashariki waone mali. Msichukue mpangilio wa uani kwenye picha kuwa ndiyo maisha ya kila siku. Kuta, lakini, zinasoma vizuri: ukikuza picha unaziona kozi moja moja na yale mapande yaliyokatishwa.

#14 Kombamoyo

Turudi kwa McCully. Makumi ya maelfu ya nyumba hizi ziliyeyuka. Hii ilifanya nini cha ajabu?

#15 FundiTimazi

Kwa maoni yangu hakuna ajabu, kuna paa na lipu. Nyumba ya mapande haifi kwa sababu ya ukuta, inakufa kwa maji, na maji yanaingia sehemu tatu. Juu ya ukuta, pale paa likifunguka. Chini ya ukuta, pale matone ya ukingo wa paa yanaporuka na kula kozi mbili za mwanzo. Na kwenye kona, ambako ng'ombe wanajikuna na upepo unapiga kutoka pande mbili. Kona ndiyo inaanza kuwa duara, halafu inaachia.

Familia ikiwemo ndani, kila mwaka mtu anaziba, anapiga lipu, anabadilisha mapande ya paa. Ikiondoka, misimu michache inatosha. Sasa muulizeni Mtunzakale nini kilitokea walipohama.

#16 Mtunzakale

Walihama 1909 wakaingia nyumba ya mbao ya ghorofa mbili waliyoijenga hapo hapo. Ya udongo hawakuibomoa, wakaigeuza stoo. Hilo ndilo lililoiokoa, kwa sababu mtu mwenye nafaka na zana ndani ya stoo hakubali ivuje. Miaka ya 1960 Shirika la Historia la Oklahoma likaichukua, na baadaye ikajengewa jengo zima la kuifunika. Leo ukuta haupigwi na mvua wala upepo.

Ya pili ya kulinganisha ni ya familia ya Dowse, karibu na Comstock, Nebraska, iliyojengwa 1900. Yenyewe iko nje, hewani, na inadumu kwa lipu na paa linalotunzwa. Zote mbili zinamuunga mkono fundi.

#17 Njoro_Juu

Si wangepiga plasta ya saruji nje mambo yaishe?

#18 FundiTimazi

Hapana kabisa, na hili linatuhusu hata huku kwa wenye nyumba za tope. Saruji ni ngumu na haipumui, udongo unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Vitu viwili visivyosogea pamoja vikigandishwa, kinachotokea ni ufa. Maji yanaingia kwenye ufa mwembamba kama uzi, yanashuka nyuma ya plasta, hayapati pa kutokea. Nje ukuta unaonekana mpya, ndani umekuwa uji. Siku plasta inaanguka inaondoka na sentimita 10 za ukuta. Tumia lipu ya udongo wenye nyuzi za majani makavu, au chokaa, na ukubali kuirudia. Na ukingo wa paa utokeze angalau sentimita 40.

Ukuta uliofunikwa kama wa McCully una shida nyingine: ukikauka kupita kiasi mizizi iliyokufa inakuwa vumbi na ukuta unamwaga unga. Hapo kinga ni kudhibiti unyevu wa hewa na kuzuia mikono ya wageni. Kipande kimoja kinachoguswa na kila anayepita kinachimbika haraka kuliko mvua ingefanya.

#19 Kombamoyo

Swali la mwisho kwa fundi. Umesema ukuta unashuka sentimita 15 hadi 20. Fremu ya mlango ni mbao, haishuki. Kwa nini haivunjiki, na kioo je?

#20 FundiTimazi

Wanaacha nafasi. Fremu ni sanduku la mbao pana, linasimamishwa kwanza kwa timazi, ukuta unapanda pembeni yake, na vigingi vya mti mgumu vinapigwa kupitia matundu ya fremu kuingia kwenye mapande ili isiyumbe. Ukifika juu ya fremu, hulazi pande juu yake. Unaweka linta (boriti ya kubeba ukuta juu ya tundu) ya miti ya mwerezi inayoegemea ukuta kushoto na kulia, angalau sentimita 30 kila upande, na kati ya linta na fremu unaacha uwazi unaojazwa matambara au nyasi. Ukuta ukititia, linta inashuka nao na kuyabana matambara, fremu haiguswi.

Uwazi kiasi gani? Wengi wanakosea kwa kuweka sawa kwa mlango na dirisha. Chukua ukuta wa mita 2.4 unaoshuka 17, hiyo ni asilimia 7. Dirisha limekaa juu ya mapande yanayoshuka nalo pamoja, kwa hiyo unahesabu kimo cha fremu peke yake: mita 0.9 mara asilimia 7, sentimita 6 na kidogo, weka 8. Mlango umesimama chini, unahesabu kimo chake chote: mita 1.9 inatoa 13, weka 15. Ukiweka 8 kote, dirisha litapona na mlango utakwama mwaka wa kwanza. Na matambara msiyasokomeze kwa nguvu; yakijaa hadi kuwa magumu, ni sawa na kutoacha nafasi.